Pembe ya Kanga

Mwanne aliinama kusoma namba ya sanduku la chuma, katika stoo ya vifaa vya mionzi pale Kibaha, akaona mpini umezungushiwa kipande cha kanga.

Ndani mlikuwa na kipima unyevu wa udongo chenye plutoni kidogo. Kilishaacha kutumika, sasa kinaorodheshwa ili kikazikwe salama. Zamani marehemu baba yake ndiye aliyekibeba mashambani, Kisarawe.

Mwenzake akapitisha kipima mionzi juu ya kitambaa.

"Kiko safi. Kikate, ukitupe."

Mwanne hakukata. Aliijua ile korosho nyekundu iliyochorwa kwenye kitambaa. Kanga ya mama ilikosa pembe moja, na siku zote nyumbani ilisemwa ni panya.

Akatoka nje, akampigia simu mama yake, kijijini Vihingo.

"Shikamoo mama. Pembe ya kanga yako nimeiona. Iko kwenye mpini wa kile chuma cha baba."

Mama akakiri.

"Kilikuwa kinamchubua kiganja. Bibi yako ndiye aliyenipa ile kanga, ningemwambiaje nimeikata? Nikasingizia panya." Akacheka polepole. "Na baba yako akasema kazini watamcheka, akifika tu ataitoa."

Akaacha kucheka.

"Kumbe hakuitoa."