Ua Lililoanikwa Juani

Balozi Nikodemo alisimama ghafla njiani. Lile ua la Yunis lilikuwa dirishani tena, linaungua juani.

Ulikuwa mwaka wa kilimo cha kufa na kupona, na kupika boha saa za kazi kulikuwa marufuku. Lakini kila Nikodemo alipotoka kusaka pombe hiyo ya miwa kwenye nyumba zake kumi, aliwakuta wanawake wameinama kwenye maharage, watakatifu kama picha za kanisani. Harufu ipo, mtungi haupo. Katibu wa tawi alishamwambia: Jumamosi ikipita bila mtungi hata mmoja, ubalozi anapewa Hezekia.

Akaingia uani kwa Yunis.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo unatafuta mitungi au mke wa pili?"

"Hili ua umelitoa wapi?"

"Msituni, kwenye mwamba wenye maji. Unachomeka jani moja tu, linaotesha mche. Maji unatia chini, majani yasilowe. Na kivuli, baba. Bila kivuli halina maisha."

"Mbona basi liko juani?"

Yunis alikohoa. "Lina mafua."

Nikodemo hakucheka. Siku asizotoka, ua lilikaa barazani, kivulini. Siku za msako, lilikuwa dirishani. Na dirisha lile lilitazama bonde zima, mpaka njia ya Mgwashi.

"Nalichukua. Huu ni ushahidi."

"Chukua, balozi. Ila usilinyime maji."

Akalibeba mwenyewe, pamoja na kopo lake lililopakwa chokaa, mpaka kwake, nyumba ya pili kutoka kwa Yunis. Akamkabidhi mkewe, Dorkasi.

"Mtu asiliguse."

"Nani aguse mali ya serikali, Baba Yudith?"

Jumamosi asubuhi Nikodemo aliteremka bondeni akipiga mluzi. Nyumba ya kwanza, maharage. Ya pili, maharage. Ya tano, mama mwenye nyumba alimpokea kwa wimbo wa Injili, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ya nane, ya mwisho bondeni, akaonjeshwa uji.

Alitoka nje jasho likimtiririka, akainua macho mlimani. Dirisha la Yunis lilikuwa tupu.

Akasogeza macho kidogo, nyumba ya pili, kwake. Dorkasi alikuwa dirishani, analigeuza kopo taratibu, mpaka bonde lote lilione vizuri.