Ndoo Nane za Maji Mapya

Ndoo nane za maji ya chumvi zilikuwa nyuma ya pikapu. Clarrie Tippett alikuwa mbele, kalaza kiti, anakula pai ya nyama na kusikiliza kriketi redioni. Bahari ilikuwa kilomita sita kutoka hapo, na wala hakuwa na mpango wa kwenda.

Mkewe, Merle, alifuga matumbawe kwenye tangi la kioo sebuleni, hapa hapa mjini Townsville, na kila baada ya siku moja alitaka maji yabadilishwe: ndoo nane zitoke, nane mpya zitekwe baharini. Mtekaji nani? Clarrie huyo huyo, miaka sabini na miwili. Kupanda mchangani na ndoo zimejaa kulikuwa kunamuua mgongo.

"Maji yakikaa, mavi ya samaki yanageuka naitreti," Merle alihubiri. "Kwangu mimi naitreti ni sifuri."

Kweli ilikuwa sifuri. Na matumbawe yake yalikuwa meupe pee, yamesinyaa. Ya jirani yao Noelene, aliyebadilisha maji mara moja tu kwa mwezi, yaliwaka zambarau na kijani, na ngao ya ushindi ya chama cha wafugaji wa matumbawe ilikuwa juu ya friji lake mwaka wa kumi na moja sasa.

"Unayashindisha njaa, Merle," Noelene alimwambia mbele ya watu. "Naitreti kidogo ndiyo chakula chao. Punguza kubadilisha maji!"

"Nikufuate wewe? Siku hiyo, shoga, ujue nimekufa!"

Kisha Merle akaingia jikoni kwake akalia. Hakuna alichokitaka duniani kama ile ngao. Clarrie alimwonea huruma, lakini mgongo wake aliuonea huruma zaidi. Tangu Septemba alikuwa akitoa ndoo nane tangini, anazipakia mkewe akiona, anazunguka kona mpaka nyuma ya klabu ya mchezo wa bolingi, anakula pai yake, kisha anarudi na maji yale yale.

"Umewahi leo," Merle alisema mara ya kwanza.

"Barabara nyeupe."

Merle akachota maji ya ndoo kwa kichupa chake, akapima, akaandika daftarini. Mwanamke huyo hupima hata mvua. Halafu akaenda kumenya viazi, na Clarrie akashusha pumzi.

Oktoba, matumbawe yakaanza kupata rangi. Novemba yalikuwa yanawaka jamani, utadhani yamepakwa.

Waamuzi wa mashindano ya ngao walikuja Jumamosi asubuhi, Noelene nyuma yao kanuna.

"Bi Merle, siri ni nini?" mmoja akauliza.

"Ndoo nane, kila baada ya siku moja. Muulizeni mume wangu."

Wote wakamgeukia Clarrie. "Ndoo nane," akasema. "Sijakosa hata mara moja."

"Ni kweli," Noelene akasema kwa uchungu. "Namwona kutoka dirishani kwangu akibeba."

Ngao ikahama. Mchana huo huo Noelene akaonekana akishusha ndoo nane mpya garini mwake.

Clarrie hakuweza kuvumilia. Alimwona mkewe akiipangusa ngao, anatabasamu peke yake kama bibi harusi, akaona aibu. Akavuta kiti.

"Merle, mke wangu, kuna jambo nimekuficha. Yale maji..."

Merle akamsukumia daftari. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili za naitreti, moja ya tangi na moja ya ndoo. Tangu tarehe tatu Septemba: moja, moja. Mbili, mbili. Tano, tano. Maji mapya ya bahari yangekuwa sifuri.

Clarrie akasoma mpaka mwisho, mdomo wazi. "Ulijua? Tangu siku ya kwanza? Na ukaniacha nibebe ndoo miezi yote hii, na mgongo huu?"

"Sasa Noelene angeona nini dirishani?" Merle akaipandisha ngao juu ya friji, akarudi nyuma kidogo kuitazama. "Kesho ni siku ya maji, Clarrie. Na pai ya pili uniletee mimi."