Raba za Gari Jekundu

"Usifungue huo mlango! Zunguka huku!" Chande alifoka, na fundi Pankrasi akarudisha mkono upesi.

Ndani ya gari alikaa bibi kizee aliyejitanda kitenge, jicho moja limefungwa bandeji. Alikuwa amepasuliwa jicho hospitali pale mjini Songea. Masista walitaka alale tena, yeye akakataa katakata, ana shughuli nyumbani leo. Ndipo wakamwombea lifti kwa Chande, mfanyabiashara wa vito aliyekuwa anarudi kwao Tunduru, kwa kuwa nyumbani kwa bibi ni njia hiyo hiyo. Sharti lao lilikuwa moja: vumbi lisimwingie kwenye lile jicho, la sivyo atapofuka.

Sasa gari lenyewe! Gari la michezo, la zamani, jekundu, milango miwili. Chande alilinunua Dar kwa pesa ya mawe, miaka ile kila mtu alipokuwa anaota vito. Kwa macho lilipendeza. Lakini raba za vioo zilikuwa zimekauka na kulegea, nyingine zinaning'inia. Hata mtaa wa Mfaranyaki hawajaumaliza, bibi alishaanza kukohoa vumbi, na Chande akakata kona kuingia kwa fundi.

"Shikamoo, bibi," Pankrasi alisalimu.

"Marahaba," bibi alijibu kutoka ndani ya kitenge.

Pankrasi akaishika kazi kama anafukuzwa. Na kweli alikuwa anafukuzwa, maana alasiri ile alikuwa na kikao cha wakwe Hanga, kwenye njia hiyo ya Tunduru. Mkewe Leticia alikuwa amerudi kwao tangu Pasaka, na wazee walituma neno: Pankrasi aje aeleze cherehani ya mke wake ilikokwenda. Asipotokea, Leticia harudi kwake tena. Nalo basi la asubuhi lilikuwa limevunjika springi hata kabla ya kutoka stendi. Alipoliona gari jekundu linaingia uani, nusura apige magoti.

"Hela sitaki, bosi," alisema. "Nipe lifti tu mpaka Hanga. Nikichelewa leo sina mke."

"Nyuma kuna kikiti cha kuwekea mzigo. Utajikunja humo. Lakini fanya haraka."

Haraka! Gundi haijui haraka. Pankrasi aliukwangua mfereji wa raba kwa bisibisi aliyoizungushia kitambaa, akatoa mchanga. Alikata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, akautandika humo, akapaka gundi, kisha akairudishia raba ya zamani juu yake kwa maji ya sabuni, akiikandamiza kwa vidole gumba. Jua nalo lilikuwa linakwenda zake.

"Mkeo kakukosea nini?" Chande aliuliza.

Labda ni ule wasiwasi, labda ni kwa vile Chande ni mtu wa kupita tu. Pankrasi alijikuta anamwaga kila kitu.

"Mimi ndiye niliyemkosea Leticia. Cherehani ile alipewa na mama yake. Nikaiuza, nikaingia ubia na wachimbaji huko kwenu Tunduru. Hatukupata hata jiwe la kumpigia kunguru! Nyumbani nikasema ni wezi. Wavu wa dirisha niliukata mwenyewe, kwa koleo hii hii."

Chande aliangua kicheko, halafu akaonyesha ndani ya gari kwa kidevu. "We! Bibi anasikia."

"Kioo si kimepandishwa? Tena anaumwa, wala hana habari na sisi."

Kweli, bibi alikuwa amevuta kitenge hadi kufunika hata lile jicho lisilo na bandeji, akageukia upande wa pili. Pankrasi alimwonea huruma. Vidonda vya macho si mchezo.

"Na leo utawaambiaje?"

"Wezi, mpaka mwisho! Wazee wataniamini. Ninayemwogopa ni mama mkwe. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawaonani uso. Nikifika, anajifungia jikoni, maneno yake naletewa na shemeji. Lakini akisema hapana akiwa huko huko jikoni, wazee wote wananywea. Bahati yangu hataniona usoni nikidanganya."

Zilibaki raba za upande wa ndani. Pankrasi aliposhika kitasa ili aingie, bibi alifungua mlango wa pili, akashuka akipapasa, akaenda nyuma ya gari na kuchuchumaa chini, mgongo amewapa wao.

"Bibi, ungekaa tu, siyo kazi kubwa," Pankrasi alimwambia. Bibi akazidi kujikunja ndani ya kitenge.

Akamaliza. Akabana kipande cha gazeti kati ya kioo na raba, akakivuta, gazeti likachanika badala ya kutoka. Akarusha konzi ya vumbi kwenye dirisha, akafungua mlango na kupitisha kidole kitini. Kikavu, kisafi.

"Imekubali!" Karibu alie. Alinawa, akavaa shati la kanisani, akajipenyeza kwenye kikiti cha nyuma magoti yakiwa kidevuni, akapiga ishara ya msalaba. Wangewahi. Angemrudisha Leticia wake.

Chande alimwita bibi apande. Bibi hakuinuka. Chande akafunga mlango, akamfuata nyuma ya gari, akainama.

Pankrasi alipinda shingo kutazama. Aliona midomo ya bibi ikienda chini ya kitenge, na Chande akitikisa kichwa, kisha akitumbua macho. Raba zilikuwa zimebana barabara. Hakusikia hata neno.

Mlango ukafunguliwa. Chande hakuwa anacheka tena.

"Fundi, shuka. Bibi anasema anawahi kikao, na hawezi kupanda gari moja na mkwe wake."