Dereva Bandia

Gari jeupe lilisimama mbele ya geti, na mwanamume asiyejulikana pale akateremsha kioo.

"Samahani, mama, naomba..."

Diwani, aliyekuwa getini akisubiri gari aliloliita mtandaoni, hakumngoja amalize. Alifungua mlango wa nyuma, akatupa mkoba, akaketi.

"Umechelewa. Ukumbi wa halmashauri, haraka."

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa wapi, hayo ni yako. Ondoa gari!"

Mwanamume aligeuka, akamtazama kama mtu aliyekaliwa kofia yake. Diwani akafyonya. Aliwajua hawa madereva wa mtandaoni: visingizio vingi kuliko mafuta kwenye tangi.

"Sikia wewe. Saa tatu kamili nawasilisha sheria ya madereva bandia. Mtu akijifanya dereva wa mtandaoni, jela miaka miwili. Wiki iliyopita binti wa jirani yangu alipanda gari la mmoja wao. Alikutwa barabara kuu, hana viatu, hana simu, na mpaka leo hazungumzi. Nisipokuwepo, hoja inatupwa mpaka mwakani. Utanifikisha au hunifikishi?"

Mwanamume alitazama saa ya gari. Saa mbili na dakika kumi. Akaitazama tena, mpaka Diwani akatamani kumzaba kofi la kisogo.

"Huyo binti ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Inakuhusu nini?"

"Nitakufikisha, mama. Nakuahidi."

Kwenye njia panda ya kwanza akauliza, "Kulia au kushoto?"

"Dereva gani hajui ukumbi wa halmashauri? Ramani yako iko wapi?"

"Sina ramani, mama. Mimi si mwenyeji."

Ndipo Diwani alipofungua macho. Hakuona simu kwenye dashibodi. Hakuwa ameulizwa hata jina. Na kwenye kiti cha mbele lilikuwa limekunjwa koti la msichana.

Kisha akatabasamu. Bandia! Tena mpumbavu wa kutupwa, kujileta getini kwa mwenye sheria yake. Akamwandikia mkuu wa walinzi wa ukumbi ujumbe, huku akimwelekeza yule mtu njia kwa sauti ya asali. Tayari aliiona picha gazetini: yeye mbele, na hilo limbukeni nyuma yake na pingu.

Saa tatu kasoro dakika kumi, mkuu wa walinzi na mlinzi mmoja walimvuta mwanamume kutoka kwenye usukani kwa kola.

"Mtazameni vizuri," Diwani aliwaambia madiwani wenzake waliokuwa wakiingia. "Takataka kama hizi ndizo zinazobeba watoto wetu."

Simu yake ikaita. Aliipokea kwa spika, kama kawaida yake, ili wote wasikie anavyotafutwa.

"Mama, dereva wako hapa. Niko getini kwako tangu saa mbili na robo. Bado unajiandaa?"

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa walinzi alilegeza mkono.

"Bwana, kwani ulimwambia wewe ni dereva wake?"

"Sikupata nafasi ya kumwambia kitu. Nilisimama kuuliza njia ya stesheni." Mwanamume akaiweka sawa kola yake. "Nilikuwa nampelekea binti yangu koti lake, nimuage. Ameondoka na treni ya saa mbili na nusu. Anakwenda masomoni, miaka minne. Ingia ndani, mama. Zimebaki dakika nane."