Mpira Mmoja wa Hewa

Zamda alikuwa ameaga kazi ya maonyesho ya chini ya maji na amekwisha kuvuka geti, begi kichwani, Tausi alipomkimbilia na mkia wake wa bandia wa nguva kwapani.

"Dada Zamda, siwezi. Nikishika ule mpira wa hewa tunaopokezana kuvutia pumzi majini, mkono haukubali kuuachia."

"Na mwenzako avute nini?"

"Ndiyo maana bosi kasema nikishindwa leo nisirudi tena."

Zamda alilitazama basi lililokuwa likiita abiria. "Miaka tisa nimevaa samaki. Leo nimevaa gauni la safari, unataka nililoweshe," alisema, akatua begi.

Walizama pamoja kwenye chemchemi. Nyuma ya kioo, watazamaji waliona nguva mmoja na mwanamke wa gauni la maua. Zamda alivuta pumzi mbili, akampa Tausi mpira. Tausi alivuta mbili, akaung'ang'ania. Zamda hakumnyang'anya. Alifungua kiganja akangoja, akitabasamu kama kazi ilivyotaka, hata povu la mwisho likamtoka puani. Ndipo vidole vya Tausi vikalegea.

Zamda alisafiri kesho yake. Tausi aliifanya kazi ile miaka sita, kisha akaolewa mbali. Bosi alifariki. Chemchemi ilipungua, kioo kikauzwa. Mpira haukuchukuliwa na mtu. Umelala palepale kwenye mawe, mdomo wazi.