Mbuzi wa Kona ya Mwisho

"Mbuzi huyu akitokea tena, naivunja televisheni!" fundi cherehani alifoka, kamba ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

Kwenye skrini, lori lake lilikuwa limekwama kona ya mwisho. Katikati ya barabara alisimama mbuzi mwenye kofia, hasogei wala hajali honi. Wiki ya tatu hiyo.

Namsimulia fundi bila huruma kwa sababu namjua nje ndani. Kila Jumamosi mchana karakana yake hugeuka chama cha wacheza gemu, na mwenyekiti ni yeye. Aliweka mabenchi mawili. La kulia, walionunua gemu kihalali. La kushoto, wezi wa nakala, akiwemo shemeji yake, mdogo wa mkewe. Wa kushoto hawaruhusiwi kushindana. Mkewe alinuna mwezi mzima kwa ajili hiyo, lakini fundi hakulegeza uzi.

"Siku mwizi akionekana benchi la kulia," aliapa, "uenyekiti nauacha."

Risiti yake aliitia plastiki, akaitundika ukutani juu ya meza ya pasi. Gemu aliuziwa nusu bei na bwana mmoja muungwana sana, mwenye tai.

"Nani mwingine anasumbuliwa na mbuzi?" aliuliza.

Wa benchi la kulia walitazamana. Hakuna aliyewahi kumwona.

"Basi hamjafika kona hiyo. Wazembe wakubwa nyie!"

Benchi la kushoto zima lilishikwa na kikohozi.

Fundi akachukua simu, akawaandikia watengenezaji wa gemu malalamiko makali, akamalizia na cheo chake: Mwenyekiti, Wanunuzi Halali.

"Shemeji, nakuomba usitume," mdogo wa mkewe alimsihi.

"Unaogopa nini, mwizi wee?"

"Siogopi. Nakuonea huruma tu."

Akatuma. Jumamosi iliyofuata majibu yakaingia. Fundi akaamuru yasomwe kwa sauti mbele ya wote, na msomaji awe shemeji yake, ili aone haya.

Shemeji akakohoa kidogo, akasoma: "Mheshimiwa Mwenyekiti, gemu letu halina kasoro. Mbuzi huyo tulimweka kwa makusudi. Huwatokea wenye nakala za wizi peke yao."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Shemeji alinirudishia simu yangu, akasogea kidogo kwenye benchi la kushoto, nami nikakaa.