Sweta ya Njano, Safu ya Pili

Alhamisi, saa 10:15 jioni, simu ya Tusajigwe ilitikisika mara moja juu ya kitanda cha bweni. Nambari 31 alikuwa ameandika: "Jumatatu ninafundisha, na mkaguzi atakaa nyuma ya darasa. Nikishindwa, ninaandika barua na kurudi kwetu Matai kulima ulezi."

Programu hiyo ya simu iliitwa Nisikie. Chuo cha ualimu kilikuwa kimeitangaza ubaoni muhula huo, pamoja na neno la siri. Ukilijua neno, unaingia, unapewa namba, unamwaga ya moyoni. Upande wa pili walikuwapo wasikilizaji sita, wanachuo waliofunzwa kwa siku tano. Tusajigwe, binti wa Tukuyu, mwaka wa pili, alikuwa mmoja wao. Majina hayakuonekana, na kuyauliza kulikatazwa.

Alikuwa akimsikiliza Nambari 31 kwa wiki tatu. Mtu huyo hakulala vizuri, alitetemeka mikono mbele ya darasa, na hakuwa na rafiki chuoni. Aliandika kwa nukta na mkato, bila kufupisha neno hata moja. Tusajigwe hakuuliza jina, ila alishahitimisha: ni Yusto, kijana mpole wa safu ya nyuma, aliyepangiwa somo la majaribio la dakika kumi siku ya Jumatatu.

"Unamwogopa Mwalimu Tadei?" aliandika.

"Kila siku."

Hilo lilieleweka. Mwalimu Tadei alikuwa na miezi minne chuoni. Alifundisha saikolojia ya elimu macho yakiwa kwenye karatasi, hakucheka na mtu, na kipindi kikiisha alitoka kabla kengele haijanyamaza.

"Mfikirie amejifunga kitenge cha mkewe, anasonga ugali."

Jibu lilichukua dakika nne. "Hana mke."

"Umejuaje?"

"Anajifulia."

"Ndiyo maana kanuna. Yule alipozaliwa alimdai mkunga kitambulisho."

"Hiyo imenichekesha. Ni mara ya kwanza wiki hii."

Jumapili Tusajigwe alivunja kanuni. "Nakaa safu ya pili, sweta ya njano. Ukikwama, niangalie mimi. Nitatabasamu hata ukisahau jina lako."

"Asante sana."

Jumatatu, saa 2:00 asubuhi, mkaguzi aliketi nyuma na daftari lake. Baridi ilikuwa kali, madirisha yamefungwa. Mwalimu Tadei alitangulia kufundisha, Yusto angemfuata. Tusajigwe alianza kutabasamu mapema, asije akasahau.

Dakika ya tatu Mwalimu Tadei aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Dakika ya kumi aliiweka mezani. Dakika ya ishirini alisema utani kuhusu mbuzi na mtihani, na darasa likachelewa kidogo kucheka, kwa kuwa halikujua kama kunaruhusiwa.

"Leo kala nini huyu?" Jane alinong'ona pembeni.

"Sijui. Kaniganda macho mimi."

"Si unamchekea!"

"Simchekei yeye."

Yusto alifundisha dakika zake kumi kwa sauti ya kawaida. Mikono haikumtetemeka. Tusajigwe alitabasamu hadi mashavu yakauma, akajiambia kwamba mafunzo ya siku tano hayakupotea bure.

Nje, Yusto alimfuata. "Tusa, mambo."

"Poa. Hongera, mshikaji. Sasa hulimi ulezi tena."

"Ulezi gani? Sikiliza, mwenzio nina mchumba kule Laela. Ule uso wako wa leo, basi tu, tuheshimiane."

Tusajigwe alikonyeza jicho. Siri ni siri.

Saa 9:40 alasiri ujumbe uliingia: "Mkaguzi ameridhika. Siandiki barua. Ninabaki."

Aliruka kitandani, akajibu kama vijana wanavyomtania mwenzao aliyefanya jambo kubwa: "Shikamoo, mkubwa!"

Saa 9:41 jibu lilifika.

"Marahaba, Tusajigwe. Andalio la somo la wiki iliyopita bado hujaniletea."